Vidole Vinne

Asubuhi ile mvua ilikuwa haijaamua kama inanyesha au imeacha, na mwanga uliokuwa ukiingia karakanani ulikuwa wa kijivujivu, wa kutia usingizi. Mke wa Domo alikuwa ameketi kwenye kigoda, gobore kuukuu limelala mapajani mwake, mdomo wa mtutu ukitazama ukuta wa mawe. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na baba mkwe wake siku ya kwanza alipokabidhiwa kitambaa na chupa ya mafuta: bunduki haielekezwi kwa mtu hata ikiwa imevunjika vipande viwili.

Hakuwa na haraka. Kitako cha gobore lile kilikuwa na ufa, ndiyo maana mnunuzi alilikataa juzi, na kazi yake ilikuwa kulisafisha tu kisha kuziba ufa kwa gundi. Akaingiza ufito wa chuma mtutuni, taratibu, mpaka ukagota. Kwa kuwa muda ulikuwepo, akapima: akaubana kwa kidole gumba pale mdomoni mwa mtutu, akautoa, akaulaza juu ya mtutu kwa nje, kidole palepale. Ncha ya ufito ilipaswa kufika usawa wa kile kitundu cha moto, kule nyuma kabisa karibu na nyundo. Haikufika. Akaweka vidole kwenye nafasi iliyobaki. Vinne.

Akarudia. Vinne. Akabadilisha mkono, maana mtu akiogopa huanza kuvilaumu hata vidole vyake. Vinne vilevile.

Gobore, kwa asiyelijua, hujazwa kwa mdomoni: baruti kwanza, kisha kitambaa, kisha risasi, halafu kitambaa tena, vyote vikishindiliwa kwa ufito. Vidole vinne ni kipimo cha mtu aliyejaza bunduki yake zamani, akaitwa na wenzake au akaitwa na Mungu, asirudi kuifyatua. Na baruti haina uzee. Mbao huliwa na mchwa, chuma kikaliwa na kutu, mwenyewe akaoza kaburini, lakini baruti ikikaa pakavu inalala tu.

Mke wa Domo akatazama kifyatulio. Pale palikuwa na uzi mweupe, umefungwa mafundo mawili, nadhifu. Mji mzima uliujua uzi ule. Ulikuwa na maana moja tu: gobore hili limepimwa, ni tupu, litundike ukutani ulale usingizi wako. Aliyekuwa akiufunga ni baba mkwe, na duka lenyewe watu waliliita Kwa Mzee Uzi. Hakuna aliyepima baada yake. Nani apime baada yake?

Juzi meneja wa ukumbi wa michezo ya kuigiza alichukua sita, ndugu wa hili, yametoka gunia moja. Yote yana uzi mweupe. Leo saa nne waigizaji wataweka fataki, vile vikofia vidogo vya shaba, juu ya vitundu vya moto, wafyatue ili usikike mlio na utoke moshi.

"Njoo hapa!" alimwita mumewe. "Acha hiyo chai uje!"

*

Domo alikuja na kikombe chake. Jina hilo alipewa sokoni, kwa kuwa angeweza kumuuzia kipofu kioo na kipofu akashukuru.

"Limejaa," mkewe alisema.

"Limejaa nini?"

"Limejaa maua! Limejaa baruti, mwanamume wewe, limejaa nini tena?"

"Lakini lina uzi."

"Naona lina uzi. Pima."

"Baba hakosei, mke wangu. Baba ninayemjua mimi..."

"Pima!"

Akapima. Akaulaza ufito nje, akaweka vidole, kisha akanyamaza, jambo ambalo mkewe alikuwa hajaliona tangu siku ya ndoa yao. Chai ikamwagika kidogo kwenye kandambili zake na hakuhisi.

"Imekuwaje?" aliuliza mwishowe.

"Baba halazi ufito nje siku hizi. Haoni ile ncha. Anapapasa alama kwa kidole gumba."

Domo aliijua alama ile, mkato mwembamba kwenye ufito wa babake. Mzee aliuchonga ujanani, wakati magobore yote yaliyokuja dukani yalikuwa ya urefu mmoja. Ufito ukiingia mpaka alama ikafika mdomoni, mtutu ni mtupu. Alama ikibaki nje, kuna kitu. Ujanani alipapasa alama na bado akalaza ufito nje, kila gobore, bila kuruka hata moja. Sasa macho yalikuwa na mtoto wa jicho, kikabaki kidole gumba peke yake. Na magobore haya ya magunia mapya yalikuwa marefu kuliko yale ya zamani. Yalikuwa marefu kwa vidole vinne hivi. Refu lililojaa na fupi lililo tupu, kwa kidole gumba cha Mzee, yalikuwa kitu kimoja.

"Wewe ulijua?"

"Nilimwona. Tangu mwaka juzi."

"Na ukanyamaza?"

"Nimwambie nini? 'Baba, hujui kupima'? Mimi, mke wa mwanawe, niliyefundishwa naye kushika kitambaa?"

"Ungeniambia mimi."

"Wewe nikikuambia neno, linafika sokoni kabla sijafunga mdomo."

Domo akaichomoa simu mfukoni. Alimpigia meneja simu mara tatu, ikaita mpaka ikachoka. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na dakika ishirini.

"Sikiliza," alisema, na domo lake likaanza kufanya kazi. "Tunakwenda, tunasema tumesahau kuyapaka mafuta ya mwisho. Tunayachukua yote, tunayapima huku nyumbani, tunayarudisha jioni. Baba hatajua, meneja hatajua. Hakuna atakayeaibika."

"Na wakikataa?"

"Nani anakataa mafuta ya bure?"

"Mafuta gani?" ikauliza sauti ya mlangoni.

Mzee alikuwa amesimama pale, koti limefungwa vifungo vyote. Kwa macho yake karakana ilionekana kama ipo ndani ya maziwa: kivuli kimoja kimeketi, kimoja kimesimama, mwanga kidogo juu ya chuma. Hakuwa na huzuni na hali hiyo. Siku nyingi aliamka akijihisi bado yumo ndotoni, akatembea taratibu ndani ya ndoto yake, akapapasa vitu vyake vikamwitikia. Mikono yake ilikuwa inajua kila kitu, ndivyo alivyoamini.

"Yale ya ukumbini, Baba," alisema Domo. "Tunakwenda kuyapaka mafuta."

"Basi nami nitakwenda. Magobore yangu yanapanda jukwaani, halafu mimi nibaki hapa na paka?"

Mume na mke wakatazamana. Mwanamke akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale, fupi kabisa, likamkwama. Akauchukua ufito wake, akajitanda kanga, akamwambia mumewe amshike Baba mkono, yeye anatangulia. Kisha akatoka mbio.

*

Alikimbia ndani ya manyunyu, ufito wa chuma mkononi, na watu wakampisha. Nani hampishi mwanamke mwenye chuma anayekimbia bila kupiga kelele? Muuza viatu alimuuliza mkewe kama yule si mke wa Domo, na mkewe akajibu kwamba yamemfika shingoni, leo Domo atapata alichokuwa akikitafuta. Mke wa Domo hakusikia. Mtaa ulikuwa umejaa ukungu wa mvua, nyumba zimefifia, na alihisi anakimbia kama mtu akimbiavyo usingizini, miguu inakwenda lakini njia haipungui. Alikuwa akihesabu: sita, yako sita, na moja likitosha kuua sita ni mengi mno.

Mlinzi wa ukumbi alimsimamisha getini.

"Chuma hicho kinabaki hapa."

"Kaka, niitie meneja."

"Kwanza chuma."

"Ni cha kazi. Mimi natoka Kwa Mzee Uzi."

"Hata ungetoka kwa mzee nani. Onyesho ni kesho. Leo tiketi haziuzwi."

Alimpa ufito. Mlinzi akauegemeza ukutani, akajifuta mikono kwenye suruali, akampeleka ndani kwa mwendo wa mtu anayelipwa kwa saa. Ukumbi ulikuwa na giza, viti vitupu safu kwa safu, na jukwaani taa za manjano zilikuwa zimewashwa. Wanaume sita waliovaa makoti ya zamani walikuwa wamepanga mstari. Mbele yao, kwenye mkeka, alisimama mwigizaji wa kike aliyecheza malkia, akitafuna ubani na kusubiri kuuawa.

Meneja alikuwa safu ya mbele, miwani imepandishwa kwenye paji la uso.

"Shemeji! Umekuja kutazama?"

"Tumesahau kuyapaka mafuta," mke wa Domo alisema, akihema. "Naomba niyachukue. Nitayarudisha jioni."

"Jioni? Shemeji, watu wangu wako jukwaani."

"Yatakwama. Kutu."

"Mbona jana yalikuwa yanafyatuka vizuri tu bila fataki? Mafuta utapaka tukimaliza. Kaa hapo, kaa, utaona kazi yenu inavyopendeza."

Mwongoza mchezo alikuwa akipita kwenye mstari na kikopo kidogo, akimpa kila mwanamume fataki yake moja. Mke wa Domo aliiona mikono ikipokea. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na yeye alikuwa bado anauficha, si uchi wake, wa mtu mzima aliyemlea kama binti. Akafikiri, labda lililojaa ni lile moja tu la nyumbani. Labda haya sita ni matupu. Binadamu akibanwa hujipa labda nyingi sana.

Nyuma mlango ukafunguliwa. Domo akaingia akimwongoza babake, na meneja akainuka kwa furaha.

"Mwenyewe huyo! Mzee, mkweo anataka kunisimamishia mazoezi. Hebu mwambie. Uzi wako ni uzi au si uzi?"

Mzee akacheka. Aliziona zile taa za manjano zikielea mbali, akaona vivuli sita vyenye magobore, na moyo wake ukajaa. Ilikuwa kama kuwaona wanawe wamevaa sare.

"Uzi wangu ni uzi," alisema. "Fyatueni, wanangu."

"Mnamsikia mwenye mali," mwongoza mchezo akasema. "Haya. Elekezeni kwa malkia. Nikifika tatu."

Nyundo sita zikavutwa nyuma. Ule mlio wake mdogo, *ka, ka, ka*, ulimwingia mke wa Domo mwilini.

"Moja..."

"Yamejaa!" alipiga kelele, na alikuwa ameshapanda ngazi za jukwaa bila kujua amezipanda vipi. "Acheni! Yamejaa baruti! Baba amekosea! Baba amekosea kupima!"

*

Hakuna aliyefyatua. Mmoja wa wale wanaume aliondoa kidole kwenye kifyatulio taratibu sana, jasho likimtiririka. Mke wa Domo aliwaambia washushe nyundo polepole, watoe fataki, walaze magobore chini, midomo ielekee ule ukuta wa nyuma usio na mlango wala dirisha. Walimtii kama watoto wa shule.

"Baba amekosea," Mzee alirudia. Alilisema bila hasira, akilionja tu. "Mkwe, umesema hivyo mbele za watu?"

"Nimesema, Baba."

"Domo. Mkeo anaumwa?"

"Haumwi, Baba," alisema Domo.

"Nitayapima mwenyewe."

Mlinzi alikwenda kuuleta ule wa getini, lakini Mzee aliusukuma kando. Alikuwa na wake, ndani ya koti, amekuja nao kama mtu mwingine anavyokuja na fimbo. Akapandishwa jukwaani. Akapiga magoti mbele ya gobore la kwanza, magoti yakalia, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akaingiza ufito. Akapapasa. Alama ilikuwa imezama ndani kabisa ya mtutu.

"Tupu," alisema.

La pili, tupu. La tatu, kidole gumba chake kikaikuta alama pale mdomoni, sawasawa, mahali pake pa miaka yote.

"Tupu."

"Baba," alisema mke wa Domo, naye akapiga magoti kando yake. "Ulaze nje."

"Sina haja ya..."

"Ulivyonifundisha mwenyewe. Ulaze nje, Baba. Tafadhali."

Mzee aliipapasa tena alama. Kisha akaubana ufito, akautoa, akaulaza juu ya mtutu. Hakuiona ncha. Aliifuata kwa mkono, polepole, akitegemea kukikuta kitundu cha moto mwishoni pake kama mtu anavyokitegemea kitasa cha mlango wa chumba chake. Ncha ikaisha na kitundu hakijafika. Akaweka kidole kwenye nafasi ile. Akaweka cha pili. Akaweka cha tatu. Cha nne kikaenea.

Watu wote walikuwa wanatazama mkono ule. Uso wake ukabadilika, na mke wa Domo alitamani angekuwa popote duniani isipokuwa pale.

"Endelea," Mzee alisema kwa sauti ndogo. "Tupime yote."

Wakapima. La nne tupu, la sita tupu. La tano lilikuwa limejaa kama la tatu.

"Hili la tatu lilikuwa la nani?" aliuliza Mzee.

"Langu," akajibu yule mwenye jasho.

"Ulilielekeza wapi?"

Mwanamume akamtazama malkia. Malkia alijibu yeye. "Kwangu, Babu," alisema, akijaribu kucheka. "Hapa." Akaonyesha kifua, kisha akaketi mkekani, na ubani akautema mkononi kama mtoto.

Mzee alimwendea kwa magoti vilevile. Akamshika mkono, ule wenye ubani, na wote wawili wakabaki hivyo chini ya taa za manjano. Mke wa Domo aliomba ndoo. Akamimina maji ndani ya mitutu miwili iliyojaa, kidogo kidogo, mpaka ikafurika. Baruti iliyolowa haishiki moto, alimweleza meneja, lakini ikikauka inaamka tena, kwa hiyo leo hii atayapeleka karakanani azivute risasi kwa parafujo na kuitoa baruti yote. Meneja alikuwa anaitikia kwa kichwa tu. Miwani ilikuwa imemwangukia puani na hakujua.

Domo ndiye aliyepata sauti kwanza. "Basi, Baba, limepita. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Twende nyumbani."

"Domo," alisema Mzee. "Marefu kama haya. Nimeyafunga uzi mangapi, tukayauza?"

"Baba, si lazima leo..."

"Mangapi?"

Domo alikuwa na ulimi wa mfanyabiashara na kichwa chake pia. Hakuwahi kumsahau mnunuzi hata mmoja. "Ishirini na matatu," alisema. "Ukiacha haya."

"Yako wapi?"

"Kwenye nyumba za watu. Yametundikwa ukutani."

Mzee akanyoosha mkono hewani mpaka akalipata bega la mkwewe, akainuka.

"Iliyo karibu ni ipi?"

*

Iliyo karibu ilikuwa ya fundi cherehani, mtaa wa pili. Domo alibaki ukumbini kuyalinda magobore. Mvua ilikuwa imepata nguvu kidogo, na wawili wale walitembea chini ya mwavuli mmoja, wa kuazima. Mtaa ulikuwa unang'aa maji. Mke wa Domo alilia njiani, na mzee alijua kwamba analia, kwa kuwa bega alilolishika lilikuwa likitikisika.

"Ungeniambia mwaka juzi," alisema.

"Niliogopa, Baba."

"Ningekugombeza."

"Najua."

"Ningekugombeza wiki nzima," alisema Mzee, "na ningekuwa nimekosea wiki nzima. Angalia dimbwi."

Fundi cherehani aliwafungulia na sindano mdomoni. Alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, na gobore lilikuwa juu ya cherehani yake, limefungwa kwenye misumari miwili, uzi bado mweupe.

"Mzee Uzi mwenyewe! Karibuni, karibuni, msijali matambara. Mmekuja kulitazama? Mume wangu analipenda hilo, kila akirudi kazini lazima alishushe anielekezee. 'Mikono juu, mama, chakula kiko wapi?' *Pa!* Tunacheka sisi!"

Mke wa Domo akashika ukingo wa meza. Mzee alisimama wima, akavua kofia.

"Mwanangu," alisema, "uzi huu niliufunga mimi. Nilikosea. Hili gobore sikulipima sawasawa, na nimeliweka nyumbani mwako miezi yote hii. Naomba uniruhusu nilipime tena, na naomba unisamehe."

Sindano ikamwanguka fundi mdomoni. Akarudi nyuma mpaka ukutani. Mke wa Domo alilishusha gobore, akaligeuza mdomo uelekee kwenye kona ya mawe, akamwachia Mzee. Ufito ukaingia, ukagota. Mzee akaubana, akautoa, akaulaza nje.

"Weka vidole vyako wewe," alimwambia mkwewe. "Vyangu sivitaki."

Akaweka. Hakikuingia hata kimoja. Ncha ya ufito ilikuwa imelala juu ya kitundu cha moto hasa.

"Hakuna nafasi, Baba. Ni tupu."

"Pima wewe, toka mwanzo."

Akapima toka mwanzo. Lilikuwa tupu.

Fundi cherehani akashusha pumzi, akacheka kwa nguvu, akapiga makofi. "Ala! Mzee, umenitia hofu bure! Kumbe hukukosea!"

"Nilikosea, mwanangu," alisema Mzee. "Ni bahati tu ndiyo haikukosea."

Fundi akaokota sindano yake. Akawauliza kama watakunywa chai, na Mzee akamshukuru, akasema bado wana nyumba ishirini na mbili za kupima. Akavaa kofia, akapapasa hewani mpaka mkwewe akampa bega, na wakatoka kwenda kwa daktari wa meno.